Je, wajua kwa nini unaambiwa unyoe kabla ya kwenda kuondolewa nywele kwa leza?

"Mamdogo, hawa watu wananichanganya," aliniambia binti wa dada yangu, tumekaa barazani kwao Kirumba. Alikuwa amepanga kuondoa nywele za kidevuni na kwapani kwa leza, akapewa karatasi ya masharti. La kwanza: wiki nne kabla ya siku yenyewe asinyonyoe hata unywele mmoja, iwe kwa kibano, kwa uzi au kwa nta. La pili: siku moja kabla ya kwenda, anyoe kwa wembe. "Sasa nikishanyoa, wao wataondoa nini?"

Nilimwambia ang'oe unywele mmoja wa mkononi, mmoja tu, mbali na sehemu inayotibiwa, auweke juu ya karatasi nyeupe. Ukiutazama kwa karibu utaona mwisho wake una kichwa kidogo kama cha pini, na mara nyingine kimevikwa utando laini, mweupe, wenye unyevu. Kichwa hicho kilikuwa kimekaa ndani ya kinyweleo, kile kifuko kilichozama kwenye ngozi ambamo nywele hutengenezwa. Leza inataka kufika humo.

Leza ni mwanga tu. Haikati na haing'oi. Mwanga huo unanyonywa na melanini, yaani rangi inayofanya nywele ziwe nyeusi, na kitu cheusi kikinyonya mwanga hupata moto. Yeyote aliyekalia siti nyeusi ya bodaboda iliyoshinda juani anaijua habari hiyo. Unywele uliomo ndani ya ngozi unapata joto, joto linasambaa hadi kwenye kuta za kinyweleo, na seli zinazootesha nywele zinaungua. Fikiria utambi wa koroboi. Unyoaji wa wembe unakata utambi usawa wa mdomo wa kopo, ndani umebaki. Ukinyonyoa, umeutoa wote, na mwanga ukija hauna cha kushika. Unywele ulionyonyolewa huchukua wiki kadhaa kurudi, ndiyo maana wakasema wiki nne. Bibi zetu walionyonyoa kwa vidole vyenye majivu walifanya kazi safi, lakini kwa leza usafi huo ndio kikwazo.

Na nywele za juu kwa nini zisiachwe? Kwa sababu zitaungua palepale juu ya ngozi. Zitanuka, zitakuachia alama za moto, na zitakula nguvu ya mwanga iliyotakiwa kwenda chini. Nyoa kwa wembe mpya, taratibu, usijikate.

Mpaka hapo ni rahisi. Sehemu inayonigusa zaidi ni ya rangi ya ngozi, maana wengi wetu tunaingia kwenye vyumba hivyo bila kuuliza. Melanini haiko kwenye nywele peke yake. Ngozi zetu zimejaa hiyohiyo. Mwanga hauna macho ya kusema huu ni unywele, hii ni ngozi. Mwaka 1983 watafiti wawili wa Boston, Rox Anderson na John Parrish, walieleza namna ya kuchoma kitu kimoja ndani ya ngozi na kuacha vya jirani: chagua rangi ya mwanga inayonyonywa na kitu hicho, kisha pima muda wa mwako, yaani muda ambao mwanga huo unawaka kila unapopigwa. Leza za mwanzo zilizotumika kwa nywele, kama ile ya rubi ya nanomita 694 (nanomita ndicho kipimo kinachotaja rangi ya mwanga), zilifaa ngozi nyeupe yenye nywele nyeusi. Kwa ngozi nyeusi mwanga huo hunyonywa mno juujuu, na matokeo yake ni malengelenge, mabaka meusi au mabaka meupe. Leza iitwayo Nd:YAG, ya nanomita 1064, hunyonywa kidogo na melanini na huzama zaidi, kwa hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa salama kuliko zote kwa ngozi kama yangu na ya huyu binti. Kabla ya kulipa hata senti, uliza: mashine yenu ni ya aina gani, ya nanomita ngapi? Anayeiendesha asipojua kujibu, ondoka.

Muda wa mwako nao una maana, na sisi wa Mwanza tumezaliwa juu ya mfano wake. Jua likizama, kokoto za njiani hupoa mara moja, lakini ule mwamba mkubwa nyuma ya nyumba unaendelea kuwa na joto usiku. Kitu kikubwa hupoa polepole. Kinyweleo ni kinene kuliko tabaka jembamba la juu la ngozi, hivyo mwanga ukitolewa kwa mwako mrefu kidogo, wa milisekunde kadhaa, ngozi ya juu inapata nafasi ya kupoa huku kinyweleo kikiendelea kubaki na moto. Ndiyo sababu pia wanapuliza hewa baridi au kubandika kitu cha baridi wakati wa kazi.

Sharti la tatu kwenye karatasi lilikuwa kukwepa jua wiki kadhaa kabla. Binti alicheka, maana kazi yake ni dagaa pale Mwaloni. Lakini sharti hilo ni la kweli hata kwa mtu mweusi: ngozi iliyochomwa na jua imeongeza melanini, na kila melanini iliyoongezeka ni mwanga unaobaki juu na kuunguza. Mwanza ipo nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, na ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo miale ni mikali mwaka mzima, na mawingu mepesi hayaizuii. Tulikubaliana avae mikono mirefu, ajitande kanga hadi kidevuni, apake mafuta ya kukinga jua, na kuanua dagaa amwachie mwenzake saa za mchana.

Kisha nikamuuliza lile ambalo watu huona aibu kulijibu: unapaka mkorogo? Mikorogo mingi ina haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini mwetu, ila zinapatikana. Steroidi hudhoofisha ngozi mpaka iwe nyembamba, na ngozi ya namna hiyo haistahimili joto. Anayepaka aseme, asubirishwe. Nakusihi usifiche. Sema pia kama unatumia dawa za chunusi zenye isotretinoini, au doksisaiklini, au kama una ujauzito, au kama makovu yako huwa yanavimba na kukua.

Siku yenyewe nenda na ngozi tupu: pasiwe na deodoranti, manukato, poda wala losheni. Hina na piko zisiwe kwenye sehemu inayotibiwa, kwani ni weusi mwingine juu ya ngozi nao utashika moto. Mwombe mtaalamu ajaribu kwanza eneo dogo na akupe siku kadhaa za kulitazama. Ukiwa chumbani, wewe na yeye mvae miwani maalumu. Mwanga huo unaweza kuharibu jicho.

Mvi hazisikii leza, wala nywele za watu wenye ualbino, kwa kuwa hazina melanini ya kutosha. Wanaume wanaotokwa na vipele vya ndevu kila wakitoka kwa kinyozi, kwa sababu unywele uliojikunja unarudi kuchoma ngozi, wanaweza kupata nafuu kubwa kwa Nd:YAG. Mwanamke ambaye ndevu zimemjia ghafla, na hedhi imevurugika, amwone daktari kwanza: huenda ni homoni, na homoni zisipotibiwa nywele zitaendelea kuota.

Binti alidhani ni mara moja tu. Si hivyo. Leza hushika vizuri unywele ulio kwenye hatua ya kukua, na wakati wowote nyingine zimepumzika, kwa hiyo hurudiwa mara 6 hadi 8, kila baada ya wiki 4 hadi 8, na zinazobaki huwa chache na nyembamba. Wiki mbili baada ya mara ya kwanza alinipigia simu kwa hofu: nywele zinaota tena. Hazikuwa zinaota. Zilikuwa zile zilizoungua, ngozi inazisukuma nje. Nilimwambia ajisugue taratibu kwa kitambaa wakati wa kuoga, na kibano akiweke mbali.