Kuwasogelea vibisi kwa kayaki mwezi Mei

Wageni ninaowaongoza kutazama vibisi, ndege wa majini wanaopiga mbizi, kwenye ziwa la Last Mountain Lake, hapa Saskatchewan, Kanada, huniuliza kwanza kama wanong'one. Sauti ya kawaida haina shida kubwa. Kinachowatimua ndege ni pua ya kayaki iliyoelekezwa kwao moja kwa moja, na kasia linalopanda na kushuka juu ya kichwa chako kama bawa la tai. Kwa hiyo pita ubavuni kama mtu mwenye safari zake, piga kasia chini chini, kisha uliweke mapajani uache upepo ukusogeze.

Ziwa hili ni jembamba na refu, karibu kilomita 90, katikati ya nyanda za nyasi. Ncha yake ya kaskazini ilitengewa ndege mwaka 1887, eneo la kwanza la aina hiyo Amerika Kaskazini. Soma vibao kabla ya kushusha kayaki.

Ninayemfuata mimi ni kibisi wa magharibi: mgongo mweusi, shingo ndefu nyeupe, jicho jekundu. Majira haya wawili hutazamana, huchovya midomo, kisha ghafla hunyanyuka na kukimbia juu ya maji bega kwa bega, shingo zimepinda. Miguu hupiga hadi hatua 20 kwa sekunde. Ukiwa chini kwenye kayaki, macho yako yakikaribia usawa wa maji, utaisikia ile chapachapa kabla hujajua imetokea wapi. Sekunde chache tu, wamezama.

Miguu hiyohiyo imeota nyuma kabisa ya mwili, ndiyo maana nchi kavu hajiwezi. Kiota chake ni lundo la majani linaloelea, limeshikizwa kwenye matete. Ukimsogelea mno huteleza majini na kuacha mayai wazi, na shakwe hawachelewi. Kwa hiyo sipitishi mtu ndani ya matete, hata kwa ajili ya picha. Darubini inatosha. Kibisi akinyoosha shingo na kuacha alichokuwa akifanya, umeshakaribia kupita kiasi, rudi nyuma.

Mwari wa huku, yule ndege mkubwa mwenye mfuko chini ya mdomo, atamshangaza aliyewazoea wa Nakuru: msimu wa kuzaliana huota kipembe juu ya mdomo, dume na jike, kisha kinadondoka baada ya kutaga. Yeye si mwoga sana. Mara nyingine huja mwenyewe.

Sasa maji. Barafu imeondoka juzi tu, na jua la Mei linadanganya. Ukipinduka, baridi hukukata pumzi papo hapo na mikono huanza kukufa ganzi dakika chache baadaye. Vaa kwa kufuata baridi ya maji, si ya hewa, na jaketi okozi lifungwe mwilini, si kukaliwa. Upepo huku huamka kadiri jua linavyopanda, na ziwa refu namna hii hujenga mawimbi upesi. Mimi huingia alfajiri, naambaa ukingo upande upepo unakotoka, na kabla ya saa nne asubuhi kayaki zote ziko juu ya gari.