Je, wajua kwa nini watu husimama kwa Injili na kuketi kwa Waraka?

Katika Misa ya Jumapili, somo la Agano la Kale husomwa watu wakiwa wameketi, na waraka wa Paulo vivyo hivyo; lakini zamu ya Injili ikifika, kanisa zima husimama, Aleluya huimbwa, na kila mmoja hujichora msalaba mdogo katika paji la uso, midomoni na kifuani. Ikiwa Biblia yote ni Neno la Mungu, heshima hii ya ziada inatoka wapi?

Jibu linaanzia katika kutenganisha asili ya andiko na uzito wake katika mafundisho. Paulo anapomwandikia Timotheo kwamba kila andiko lina pumzi ya Mungu na lafaa kwa mafundisho, anazungumzia asili. Hasemi kwamba yote yafaa kwa kiasi kilekile. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, katika hati yake ya mwaka 1965 kuhusu ufunuo, ulitamka wazi kwamba Injili zina nafasi ya pekee hata miongoni mwa vitabu vya Agano Jipya, kwa kuwa ndizo ushuhuda mkuu wa maisha na mafundisho ya Yesu.

Tofauti hiyo huonekana vizuri zaidi mtu akifungua Walawi 19. Aya ya 18 inaamuru kumpenda jirani kama nafsi yako, na hakuna mhubiri anayethubutu kuiruka. Aya inayofuata inakataza kupanda mbegu za namna mbili katika shamba moja, na bado Wakristo wetu wengi, wazee wa kanisa wakiwemo, huchanganya mahindi na maharage kila msimu bila kwenda kuungama. Hawaidharau Torati. Wanaisoma kupitia Kristo, ambaye aliitaja amri ya jirani kuwa ya pili kwa ukuu, na kupitia uamuzi wa mitume katika Matendo 15 wa kutowatwika watu wa mataifa sheria yote ya Musa. Wanateolojia huzigawa amri hizo kuwa za maadili, za ibada na za utawala wa Israeli. Mgawanyo huo unasaidia, ingawa Walawi yenyewe haikuweka mpaka wowote kati ya aya hizo mbili.

Waprotestanti nao, pamoja na msimamo wao wa Maandiko peke yake, yaani kwamba Biblia pekee ndiyo mamlaka ya mwisho ya imani, hawakulikwepa swali hili. Martin Luther, mwanzilishi wa mageuzi ya Kiprotestanti huko Ujerumani, alipochapisha Agano Jipya la Kijerumani mwaka 1522, aliuita Waraka wa Yakobo waraka wa majani makavu ukilinganishwa na vitabu alivyoviona kuwa bora, kwa sababu Yakobo anasema mtu huhesabiwa haki kwa matendo, si kwa imani peke yake. Hakuuondoa. Aliuweka nyuma pamoja na Waebrania, Yuda na Ufunuo, na katika orodha ya yaliyomo akavipa vitabu 23 namba, hivyo vinne akaviacha bila namba. Maneno yale makali yaliondolewa katika matoleo ya baadaye, lakini mpangilio ulibaki: hata leo, katika Biblia ya Luther ya Kijerumani, Waebrania na Yakobo hufuata baada ya waraka wa tatu wa Yohana.