Kwa nini mwashoki huingia mtaani mwembe unapotoka?

Pita Sinza au Mikocheni, Dar es Salaam, uangalie nyumba mpya zenye geti. Juu ya ukuta huchungulia mstari wa miashoki, ile miti mirefu myembamba, na ndani kuna nyasi za paspalamu na pevingi mpaka mlangoni. Mara nyingi kiwanja hichohicho kilikuwa na mwembe.

Ni rahisi kudhani bustani ndiyo inayopandisha kodi: mtaa ukipendeza, wenye pesa huja na wapangaji hufungasha. Mfano unaotajwa sana ni High Line ya New York, bustani iliyofunguliwa mwaka 2009 juu ya reli ya zamani, na bei za nyumba jirani zikapaa. Lakini mwaka 2005 jiji lilikuwa limeshabadili matumizi ya ardhi ya eneo hilo ili maghorofa yajengwe, kwa hiyo huwezi kuitwisha bustani mzigo wote. Dar es Salaam bustani huja mwisho. Kiwanja hununuliwa kwa sababu ya barabara au ukaribu wa bahari, vyumba vya kupanga hubomolewa, mwembe hukatwa, ndipo fundi bustani huitwa. Wala si mti wa kigeni kumfukuza mwenyeji: mwembe na mwashoki wote walitoka Asia ya Kusini.

Kinachohama ni kivuli. Mwembe ni mwavuli uliofunguliwa, mwashoki ni mwavuli uliofungwa. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, hivyo kwa sehemu kubwa ya mwaka jua la saa sita huwa karibu na utosi, na kivuli huanguka chini ya matawi yenyewe. Mwembe uliotanda mita 10 hufunika takribani mita za mraba 78: panatosha meza ya mama lishe, benchi la wacheza bao na bodaboda kadhaa. Mwashoki wenye matawi ya upana wa mita 1.5 haufiki mita za mraba 2. Ungehitaji zaidi ya 40 kufidia mwembe mmoja, na hiyo 40 ingekuwa imejipanga ukutani, ambako hakuna anayekaa.

Kuna na maji. Wakati wa kiangazi nyasi hutaka kama lita 4 kwa mita ya mraba kwa siku. Bustani ya mita za mraba 100 ni madumu 20 ya lita 20, kila siku. Mwembe mkubwa hujitafutia.

Anayejenga na anataka kuubakiza mwembe asimwage zege mpaka shinani. Mizizi mingi inayonyonya maji iko karibu na uso wa ardhi na inahitaji hewa. Ikifunikwa, matawi hukauka kuanzia nchani. Msingi wa ukuta ukikata mizizi ya upande mmoja, mti hulegea na upepo wa masika unaweza kuuangusha. Afadhali ukuta usimame juu ya nguzo, na mihimili ipite juu ya mizizi. Hapo matawi ya nje hubaki barabarani, na mama lishe hana haja ya kuhamisha meza.