"Mpuuze tu, atachoka": dhana potofu kuhusu kumtetea mwenza mwenye ulemavu mtandaoni

Desemba ikifika Moshi inajaa watu waliorudi nyumbani, na picha zinajaa kwenye simu: mbege, ndafu, wajukuu wamepangwa mbele ya nyumba ya babu. Ikitokea katika picha mmoja wa wanandoa yuko kwenye kiti mwendo au kashika magongo, maneno ya chini yake hubadilika ghafla. Mume wangu alikatwa mguu baada ya ajali ya bodaboda, kwa hiyo maneno hayo nimeyasoma ya kutosha. Na ushauri tunaopewa na wanaotupenda nao nimeusikia wa kutosha, mwingi hausaidii.

"Mpuuze tu, atachoka mwenyewe."

Nusu yake ni kweli, ndiyo maana dhana hii haifi. Ukimjibu mtukanaji umempa alichokifuata, na mitandao nayo hupenda mabishano: kinachojibiwa sana ndicho kinachosambazwa sana. Lakini kutomjibu ni jambo moja, kukaa bila kufanya lolote ni jingine. Kabla hujamfungia, piga picha ya skrini inayoonyesha maneno yote, jina la akaunti na tarehe, kisha nakili kiungo cha ukurasa. Wengi wetu tunaanza na kufuta kwa hasira, halafu tukifika kituo cha polisi hatuna cha kuonyesha. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hii mahakamani, ila mahakama huangalia pia ulivyotunzwa. Kwa hiyo usiikate picha, usiichorechore mishale, na simu yenyewe usiiuze wala usiifute kila kitu.

"Ni utani tu. Mbona Wachaga na Wapare wanatupiana makubwa zaidi?"

Hii inanikera kuliko zote. Mchaga atamwambia Mpare kwamba babu yake aliuza ng'ombe ili agharamie kesi ya kuku, na Mpare atamuuliza Mchaga ni kitu gani duniani ambacho hajakipangia bei. Wanacheka wote wawili, kwa sababu wanajuana, zamu inazunguka, na siku ya msiba hao hao watani wana kazi zao za kufanya. Mtu mwenye picha ya katuni, asiye na jina, anayemwandikia mwanamke "huyo umemuokota wapi, wazima wameisha?" ni mtani wa nani? Zamu yetu ya kumtania yeye iko wapi?

Mume wangu hujitania mwenyewe, tena vibaya. Husema mbu wa hapa mjini wanamwonea huruma, maana wana mguu mmoja tu wa kugombania. Mguu ni wake, na utani ni wake. Hajawapa wapita njia kibali.

Sheria ya Makosa ya Mtandao, nayo ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza kihisia. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Nia lazima ithibitishwe, kwa hiyo neno moja la kipuuzi pengine halitafika mbali. Anayerudi kila wiki kwa maneno yale yale ameshajithibitisha mwenyewe. Kumbuka tu kwamba kifungu hicho hakimbagui aliyeanza na aliyejibu. Ukimtumia vitisho vya kumvunja miguu "naye aonje", umehamia upande wake.

"Akaunti feki haikamatiki."

Laini za simu Tanzania husajiliwa kwa kitambulisho cha taifa (NIDA) na alama za vidole, na Sheria hiyo ya Makosa ya Mtandao inawapa polisi njia ya kudai taarifa kwa watoa huduma. Si kila shauri litafika mwisho. Ripoti hata hivyo, na uondoke na namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi.

"Atakuzalia walemavu."

Mguu uliokatwa haurithiwi. Polio ni virusi, na jeraha la uti wa mgongo ni jeraha. Ulemavu wa ngozi (ualbino) hurithiwa, lakini ni mpaka baba na mama wote wawili wawe na vinasaba vyake. Wazazi ambao wenyewe hawana hali hiyo lakini wamebeba vinasaba hivyo wana uwezekano wa 1 kati ya 4 kwa kila mimba. Na hata hapo, mtoto atakayezaliwa ni mtoto, wala si hoja ya kumshindia mama yake.

"Huyo mke ana moyo, Mungu ambariki."

Wanaoandika hivi wanadhani wanatutetea. Tofauti yao na wale wanaosema nimefuata pesa au nimerogwa ni adabu tu. Wote wanaona haiwezekani mtu akampenda mume wangu bila sababu nyingine pembeni. Siko kwenye ndoa hii kutafuta thawabu. Tunagombana kuhusu ada na mama mkwe kama wenzetu.

"Mwenza ndiye ajibu. Mwenye ulemavu asionyeshwe, asije akaumia."

Kuna shangazi alitupigania kwa nia njema kabisa. Akaeleza hadharani jinsi ajali ilivyotokea, upasuaji ulivyokwenda, na nani anamsaidia nini bafuni. Mtukanaji akanyamaza, ila mume wangu alikuwa amevuliwa nguo mbele ya watu wengi zaidi ya mwanzo.

Aliyetukanwa ni mtu mzima. Anaulizwa kwanza: unataka ijibiwe, ifutwe, iripotiwe, au iachwe? Akisema iachwe, inaachwa, hata kama wewe mikono inakuwasha. Nyumbani kwetu mimi ndiye mtunza ushahidi, yeye ndiye mwamuzi. Mara ya mwisho nilimwonyesha akaunti mbili, moja ikimcheka kwa mguu, nyingine ikimwandama mtoto wetu. Ya kwanza akasema, "Huyo mwache, Mama Neema, ana shida zake." Ya pili akaisoma mara mbili, akachukua gongo lake, akaniambia tukaandikishe maelezo polisi.