Kabla ya Kupakia Profaili ya Rangi Kwenye Kamera ya Video

Wengi wanaokuja kwenye mafunzo yetu wakiwa na kamera mpya huwa tayari wamepakua profaili za rangi, yaani mafaili yanayobadilisha rangi za picha, kutoka intaneti, na huuliza: niliweke wapi faili hili? Mimi huwarudisha hatua moja nyuma. Je, rangi hiyo itaingia ndani ya video, au itaonekana kwenye kioo cha kamera tu?

Kamera nyingi za sasa huweza yote mawili. Rangi iliyoingia kwenye rekodi haitoki tena. Kama profaili imezidisha giza, kilichopotelea vivulini hata mhariri hodari hawezi kukirudisha. Ikikaa kwenye kioo tu, wewe unaona sura ya mwisho huku kadi ikihifadhi logi, picha ile iliyopauka inayoacha nafasi ya kurekebisha. Anayejifunza nashauri aanze na njia hii. Ila kamera inayorekodi kwa biti 8 ina ngazi 256 tu kwa kila rangi ya msingi, na logi yake ukiivuta sana anga huanza kugawanyika mistari mistari. Hapo ni afadhali urekodi kwa profaili ya kawaida, isiyo kali. Biti 10 zina ngazi 1,024, na tatizo hilo hupungua sana.

Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi ni la faili lisiloendana na logi. LUT, yaani faili la rangi la aina inayopakuliwa sana, ni jedwali tu la namba. LUT iliyo kwenye faili la .cube ni maandishi ya kawaida, na lenye pointi 33 kila upande lina mistari 35,937 ya rangi, kila mmoja na namba tatu: nyekundu, kijani, bluu. Kamera husoma rangi iliyoingia, hutafuta mahali pake kwenye jedwali, kisha hutoa rangi mpya. Jedwali halijui picha imetoka wapi. Ukiipa V-Log, logi ya Panasonic, jedwali lililotengenezwa kwa S-Log3, logi ya Sony, halitalalamika. Litakupa tu ngozi za watu zenye rangi ya ajabu, nawe utaishia kulaumu taa.

Kupakia kwenyewe ni kazi ya dakika chache, ingawa kila kampuni ina utaratibu wake. Nikon hutafuta mafaili ya Picture Control, yaani profaili zake za rangi, kwenye kadi, ndani ya folda ya CUSTOMPC iliyo chini ya folda ya NIKON. Canon huyapokea mafaili ya Picture Style, profaili zake za rangi, kwa programu ya EOS Utility, kamera ikiwa imeunganishwa na kompyuta. Faili likikataliwa, angalia kwanza idadi ya pointi, jina na folda. Si kila kamera hupokea kila ukubwa, na jina refu linaweza kuwa ndilo kikwazo.

Ukimaliza, usiende kazini moja kwa moja. Panga mizani ya weupe (white balance), mweke mtu kwenye mwanga utakaoutumia, kisha rekodi sekunde kumi profaili ikiwa imewashwa na kumi ikiwa imezimwa. Fungua vipande vyote viwili kwenye kompyuta, kwa programu isiyoongeza rangi yake. Vikifanana, rangi ilikuwa ya kioo tu. Vikitofautiana, imeingia kwenye rekodi.