Kui: muziki usio na maneno, na mkono wa Dina Nurpeisova

Kui ni kipande cha muziki wa Wakazakhi kinachopigwa kwa ala, mara nyingi dombra, ala ya nyuzi mbili, bila mtu kuimba. Ukiiita "wimbo" umekosea mwanzoni kabisa, maana utakaa ukimngojea mwimbaji ambaye haji, na huku mkono unasema mengi yanayokupita. Kui husimulia kisa. Kwa desturi mpigaji hukieleza kisa hicho kwa mdomo kwanza, kisha hukipiga.

Kui ya kale iitwayo Aksak Kulan inaonyesha jambo hili waziwazi. Masimulizi yanasema mwana wa khan, yaani mtawala, aliuawa mawindoni na punda mwitu mchechemeaji, na khan akaapa kwamba atakayemletea habari hiyo atamiminiwa kooni risasi iliyoyeyushwa. Mpigaji mmoja hakutamka neno, alipiga tu, na khan akaelewa. Risasi ikamiminwa juu ya dombra. Ndiyo asili, wanavyosimulia, ya tundu lililo kwenye ubao wake.

Anayetunga na kuipiga kui huitwa kuishi (halina uhusiano na kitenzi chetu). Neno ni moja kwa kazi zote mbili, kwa kuwa mtunzi hakuandika chochote: alitunga vidoleni. Dina Nurpeisova alikuwa kuishi wa namna hiyo. Alizaliwa mwaka 1861 katika nyika za magharibi mwa Kazakhstan, baba yake akiwa mpiga dombra, na alikuwa bado mtoto pale Kurmangazy, bingwa wa dombra wa enzi hiyo, alipomsikia na kuanza kumfundisha. Hapakuwa na karatasi. Mwanafunzi aliutazama mkono wa mwalimu, akasikiliza, akarudia. Hivyo ndivyo kui nyingi za Kurmangazy zilivyotufikia, kupitia kumbukumbu ya Dina.

Ili kumfuata Dina lazima uijue ala yenyewe. Dombra ina tumbo la mbao, shingo ndefu nyembamba na nyuzi mbili tu. Zamani nyuzi zilikuwa za utumbo wa kondoo au mbuzi. Siku hizi ni za nailoni. Shingo imezungushiwa vifungo vinavyoonyesha mahali pa kubonyeza. Nyuzi hukazwa zitofautiane kama do na fa, na kwa baadhi ya kui kama do na sol. Zote mbili hupigwa kwa pamoja: mara nyingi mmoja unavuma bila kubadilika na mwingine unabeba sauti inayotembea.

Magharibi, kwa Kurmangazy na Dina, mtindo ni tokpe, maana yake kumwaga. Mkono wa kulia hupiga kwa kasi juu na chini, nguvu ikitoka kwenye kifundo kilicholegea. Anayeanza hukaza mkono na kupiga kutoka kwenye kiwiko, basi anachoka mapema na sauti inatoka nzito, bila mwendo wa farasi unaotakiwa. Upande wa mashariki na katikati kuna shertpe, ambako vidole hudonoa nyuzi taratibu.

Kui ya tokpe hupanda shingo kwa ngazi. Huanzia bas buyn, "kiungo cha kichwa", karibu na vigingi vya kukazia nyuzi. Kisha huenda orta buyn, kiungo cha kati, na mwisho saga, karibu na tumbo, ambako sauti ni nyembamba kuliko zote. Saga katika Kikazakhi ni pia mahali mto unapomwaga maji yake. Kila baada ya kupanda, mkono unarudi kichwani. Msikilizaji mgeni huudhani ni marudio matupu, kumbe ndiyo nguzo ya umbo lote: ukisharudi nyumbani ndipo unapima umbali uliokwenda. Si kila kui inafika saga.

Sikiliza Bulbul ya Dina, inayomhusu ndege mwimbaji wa usiku.  Mlio wa ndege unatoka kwenye vidole vinavyobadilisha namna ya kugusa nyuzi katikati ya mpigo. Halafu sikiliza On Altynshy Zhyl, "Mwaka wa Kumi na Sita". Mwaka 1916 tsari wa Urusi aliamuru wanaume wa Asia ya Kati wa miaka 19 hadi 43 wapelekwe kufanya kazi nyuma ya mstari wa vita, na nyika zikawaka kwa uasi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Dina alitunga Ana Buyrygy, "Amri ya Mama".

Mwaka 1937 alipata ushindi katika mashindano ya wapigaji huko Almaty, akiwa na miaka zaidi ya 70. Akhmet Zhubanov, aliyeanzisha okestra ya ala za Kikazakhi mwaka 1934, alihakikisha kazi za Dina zinaandikwa kwa nota. Dina alifariki mwaka 1955. Leo okestra hupiga Bulbul kwa dombra nyingi kwa pamoja, na inapendeza, lakini nota hazikubeba kila mguso wa kidole chake. Anayetaka kuijifunza kweli huanza na rekodi alizoziacha Dina mwenyewe, kisha ndipo afungue karatasi.