Je, wajua mshahara wa mkuu wa idara katika halmashauri hupangwaje?

Mkuu wa idara ya fedha na mkuu wa idara ya maji wanakaa meza moja kwenye kikao cha menejimenti. Mmoja ana watumishi kumi na wawili, mwenzake ana mia mbili. Wa fedha akikosea, mishahara ya halmashauri nzima inakwama. Wa maji akikosea, watu wanaugua. Nani alipwe zaidi?

Wengi hudhani jibu hutegemea nani ana shahada kubwa au nani anaelewana na madiwani. Hilo la pili hutokea, tusidanganyane. Lakini panapofuatwa utaratibu, kinachopimwa kwanza ni kiti, si anayekikalia. Zoezi hilo huitwa tathmini ya kazi. Mojawapo ya njia zilizoenea sana duniani ilianzia kwa Mmarekani Edward N. Hay, aliyefungua kampuni yake ya ushauri mjini Philadelphia mwaka 1943. Njia hiyo huuliza mambo makuu matatu: kazi inahitaji ujuzi kiasi gani, matatizo yake ni magumu kiasi gani, na maamuzi yake yana uzito gani kwa taasisi. Kila jibu hupewa alama, alama hujumlishwa, na jumla huiweka kazi katika daraja fulani la mshahara. Uzoefu wa mtu huja baadaye, katika kuamua aanzie ngazi ipi ndani ya daraja hilo.

Alama hizo zinaonekana kama sayansi, ila nyuma yake kuna watu wanaobishana. Idadi ya walio chini yako ihesabiwe kwa uzito gani? Mwanasheria wa halmashauri anaweza kuwa na wasaidizi wawili tu, na bado ushauri wake mmoja mbovu ukaipeleka halmashauri mahakamani kwa miaka kumi.

Daraja likishajulikana, linabaki swali la fedha yenyewe, na hapa ndipo penye vita halisi. Halmashauri hutazama wenzake wanalipa nini. Lakini wenzake ni akina nani? Kwa kawaida huteuliwa zile zinazokaribiana kwa idadi ya wakazi, ukubwa wa bajeti, idadi ya watumishi na huduma zinazotolewa, pamoja na zile za jirani zinazoweza kukunyang'anya mtu. Ukiniuliza, orodha hiyo ndiyo hati ya kusoma kabla ya kitu kingine chochote. Weka ndani yake majiji mawili tajiri, na mshahara unaopendekezwa utapanda bila mtu yeyote kudanganya. Hata vyeo vyenyewe hulaghai: "mkuu wa ujenzi" wa mahali pamoja anasimamia barabara peke yake, wa pengine ana barabara, mitaro na taka. Na mshahara mdogo ukiambatana na nyumba, gari na pensheni nono unaweza kuwa mkubwa kuliko ule unaoonekana mkubwa kwenye karatasi.

Kuna mtego mwingine. Kila halmashauri ikisema haitaki kuwa chini ya kiwango cha kati, zilizo chini hupanda, kiwango cha kati kinapanda nazo, na zilizokuwa katikati hujikuta mkiani. Nazo zinaomba nyongeza. Mzunguko huo haukomi wenyewe. Huzuiwa na uwezo wa bajeti, au na chombo cha juu. Nchini Kenya, kwa mfano, Katiba ya 2010 iliunda Tume ya Mishahara na Marupurupu, ambayo hupanga malipo ya maafisa wa dola, kama rais, wabunge na magavana, na kuzishauri serikali kuu na za kaunti kuhusu watumishi wengine wa umma.

Pasipokuwa na jicho la nje, mambo huweza kwenda kama yalivyokwenda Bell, mji mdogo wa California wenye wakazi wapatao 35,000, wengi wao wa kipato cha chini. Mwaka 2010 gazeti la Los Angeles Times lilifichua kwamba meneja wa mji huo, Robert Rizzo, alikuwa akilipwa karibu dola 800,000 kwa mwaka, na mkuu wa polisi dola 457,000, wakati mshahara wa rais wa Marekani ni dola 400,000. Rizzo alihukumiwa kifungo cha miaka 12 mwaka 2014. Baada ya kashfa hiyo, jimbo la California lilianza kuchapisha hadharani mishahara ya serikali za mitaa.

England ilikwenda njia ya karibu na hiyo. Sheria ya mwaka 2011 inazitaka halmashauri zitoe kila mwaka tamko la sera ya mishahara, likieleza wakuu wanalipwaje, wale wa chini kabisa wanalipwaje, na malipo ya wakuu yanahusianaje na ya watumishi wengine. Mwaka huohuo Will Hutton, aliyeombwa na serikali kuchunguza malipo ya haki katika utumishi wa umma, alitazama wazo la kumzuia mkuu asipate zaidi ya mara 20 ya mshahara wa mtumishi wa chini. Alilikataa, akapendekeza uwiano kati ya malipo ya mkuu na ya mtumishi wa kiwango cha kati uwekwe wazi kwa umma badala ya kuwekewa kikomo.

Kazi ngumu inayobaki ni ya ndani ya nyumba yenyewe. Mahali pengine naibu hulipwa saa za ziada, mkuu halipwi. Katika idara kama zimamoto, mwaka wenye dharura nyingi unaweza kuisha naibu akiwa amepokea zaidi ya bosi wake, na hapo hakuna anayetaka kupandishwa cheo. Ndiyo maana baadhi ya halmashauri huweka pengo maalumu la asilimia kati ya ngazi hizo mbili, na hulipima upya kila mishahara ya walio chini inapoongezwa.